Kadi katika Zidaka

Chumba chetu cha kazi kiko juu, Mkomani,
vidato kumi na tisa, cha saba kimelegea.
Ukuta wa ndani una zidaka thelathini
za chokaa, alizozichonga fundi asiyetujua.
Nyanyake mwenye nyumba alipanga humo sahani za Kichina.
Sisi tunapanga kadi.

Safu ya juu: kazi isiyoanza.
Ya kati: iliyo mkononi mwa mtu.
Ya chini: iliyokwisha, ikajaribiwa, ikasahaulika.
Kila kadi ina jina,
na jina nalitia mimi.

Nilikuwa na jedwali.
Msinicheke. Nililichora kwa rula, mwezi wa Rajabu,
majina kushoto, ujuzi juu, alama moja hadi tano.
Lali Shebwana: hifadhidata, tano.
Mwanatumu: kurasa za mbele, nne; hifadhidata, mbili.
Badi: majaribio, tatu, kwa kuwa hasemi mkutanoni,
na mtu asiyesema mimi humpa tatu.
Kadzo, aliyekuja juzi kutoka Malindi: moja, moja, moja,
kwa penseli.

Tuliagizwa programu ya stoo ya dawa:
zimeingia ngapi, zimetoka ngapi,
ya kifafa itakwisha lini.
Nikasema, kigumu apewe mwenye tano.
Lali akapewa. Akapewa tena.
Kidaka chake kikafura, kadi zikawa zadondoka usiku,
asubuhi twamkuta paka amezilalia.
Nikimuuliza, hunijibu, "Taratibu, inakuja,"
hata siku nilipomkuta kwenye kile kidato cha saba
amekaa, kompyuta mapajani, imefungwa.
"Tano yako," akasema, "imenila."

Sikumjibu. Nilikuwa na kikao na daktari.

Na daktari alikuwa na boksi.
Akaliweka mezani: dawa ya kifafa, nzima,
mashine imekataa kuitoa, yasema imekufa.
Badi akarudia jaribio lake mara tatu, akatikisa kichwa:
kila kitu kijani, kila kitu sawa.
Ndipo Kadzo, wa moja moja moja,
aliyelelewa nyuma ya kaunta ya shangazi yake,
duka la dawa la Barani, akalipindua boksi.
"Hapa pana mwezi na mwaka. Siku haipo.
Dawa hii yaishi hadi mwezi uishe.
Sisi tumeidai siku, na Lali, kwa haraka,
kaipa tarehe mosi."

Siku ishirini na tisa za uhai
tulizozifuta kwa tarakimu moja.
Nikalitazama jedwali langu, safu kwa safu.
Safu ya kujua boksi la dawa haikuwamo.

Jioni hiyo nikalibandika ukutani, nikawapa kalamu.
Mwanatumu akakata mbili yake, mstari mmoja, wino ukapenya.
"Hiyo ni ya mwaka juzi," akasema.
"Na rangi za vitufe zimenichosha. Nipe hifadhidata,
nikae na Lali, nikikosea anione."
Nilikuwa nimewapa watu alama
bila kuandika mwezi wala mwaka.
Lali alicheka. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka.
Tukampunguzia kadi sita. Mbili hazikupata mtu,
zikarudi juu, na daktari nikamwambia ukweli:
wiki mbili zaidi. Hakufurahi.

Badi ndiye aliyesalia, akizima feni.
Mtu wa tatu wangu, kimya chake chote,
akasoma majina kutoka juu hadi chini, kisha:
"Na weye? Yako i wapi?"

Zamani ningejipa tano, bila kusita.
Sasa mwaka wa tatu sijaandika hata mstari wa programu;
naandika majina ya watu.
Kuna kidaka kimoja cha mwisho, pembe imemeguka,
hakijawahi kutiwa kitu.
Nikachukua kadi, nikaandika:
*Kazi: kidato cha saba.
Mhusika: Mwanahawa.
Uwezo:*
nikapaacha wazi,
nikashuka kwenda kutafuta nyundo.